Vifaranga Wanaodonoana Katika Bruda: Maswali na Majibu

Vifaranga wangu wana siku nne tu, na tayari wanadonoana vidole. Je, ni wakali kwa asili?

La. Kifaranga hutambua vitu kwa mdomo, na katika siku za mwanzo hudonoa kila kitu kidogo kinachong'aa au kusogea, vikiwemo vidole vya mwenzake. Tabia hiyo huwa tatizo pale chakula kisipoonekana kwa urahisi, hasa chombo kikiwa kirefu kuliko kifua chake au kikiwa mbali na joto. Kwa siku hizo za kwanza, mwaga sehemu ya chakula kwenye trei bapa, kando ya chanzo cha joto.

Wa wiki tatu wananyofoana manyoya hadi damu inatoka. Chanzo ni nini?

Katika umri huo manyoya mapya huchipuka mkiani na mbawani, na kila bua changa lina damu ndani yake. Bua likivunjika, wekundu wa damu huwavutia wengine, na kifaranga aliyejeruhiwa anaweza kuliwa akiwa hai ndani ya muda mfupi. Lakini kabla ya kumlaumu kifaranga, mfugaji hana budi kukagua bruda yenyewe, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, kwa maana kudonoana karibu kila mara ni dalili ya adha wanayoipata.

Anza na joto. Wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha hupunguzwa takribani nyuzi 3 kila wiki. Wafugaji wengi, hata hivyo, huacha taa au jiko palepale lilipowekwa siku ya kwanza. Ingia bandani usiku, utulie kidogo, uwatazame walivyolala: wakisongamana chini ya taa wana baridi, wakijibanza ukutani huku wakihema midomo wazi wamezidiwa na joto, na wakitawanyika sawasawa wako salama. Kisha angalia nafasi, kwani bruda iliyowatosha wakiwa wa siku moja huwa finyu upesi. Wasizidi 20 hivi kwa mita moja ya mraba, na baada ya wiki ya nne waongezewe nafasi zaidi. Ukiinama karibu na maranda na macho yakawasha, hewa imejaa amonia, gesi kali itokanayo na kinyesi. Ondoa maranda yaliyolowa na ufungue pazia upande wa juu.

Je, mwanga unahusika?

Sana. Taa nyeupe kali inayowaka usiku kucha huwanyima mapumziko na kuonyesha kila kidonda. Baada ya wiki ya kwanza tumia mwanga hafifu au balbu nyekundu, na uzibe tundu linalopitisha mwale wa jua hadi sakafuni, kwa kuwa vifaranga hukusanyika hapo na kudonoana.

Na chakula?

Vifaranga wa mayai huhitaji chakula cha kuanzia chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Kukichanganya na pumba ili kidumu zaidi hupunguza protini, pamoja na methionini, kirutubisho kinachojenga manyoya, na ndiyo maana huanza kuyatafuta kwa wenzao. Vyombo viwe vingi kiasi kwamba wote wanaweza kula kwa wakati mmoja. Fungu la mchicha lililoning'inizwa usawa wa macho yao huwapa kazi. Usikoroge chumvi kwenye maji kwa kukadiria, kwani ikizidi huwaua.

Nimtendeeje aliyejeruhiwa?

Mtenge mara moja, msafishe kwa maji safi ya uvuguvugu, umpake dawa ya vidonda ya buluu kutoka duka la dawa za mifugo, ambayo pia huficha wekundu. Asirudishwe kabla kidonda hakijakauka. Yule anayeongoza udonoaji naye atengwe kwa siku chache.

Je, nikate midomo?

Sipendekezi kuanzia hapo. Mdomo una neva, ukataji huuma, na ukifanywa vibaya kifaranga hushindwa kula. Ikibidi, kazi hiyo ifanywe na mtaalamu wa mifugo mwenye kifaa kinachofaa, baada ya kurekebisha yote yaliyotangulia.

Wanadonoana sehemu ya haja. Hilo nalo ni la kawaida?

Hapana. Chunguza kama kinyesi kimeganda hapo, ukilainishe kwa maji ya uvuguvugu bila kukivuta. Ukiona kuhara, hasa kulikochanganyika na damu, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani huenda ni koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea.