Kahawa inakutuliza? Hilo pekee halithibitishi kwamba una ADHD

"Wenzangu wakinywa kahawa usiku wanakesha. Mimi nalala fofofo." Maneno hayo nimeyasikia sana kutoka kwa watu wazima wenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya kutulia na kuwa makini kuwa kazi ngumu, wanaokuja kuchukua dawa. Mitandaoni yamegeuzwa kipimo: ukisinzia baada ya kikombe, basi tayari umejipima. Mimi ni mfamasia, na kipimo hicho kinanitia wasiwasi.

Tuanze na kafeini yenyewe. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, hushika vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara yake, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyotunyemelea. Kafeini ina umbo linalokaribiana nayo. Hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, kama abiria aliyewahi kiti cha mwenzake kwenye daladala. Adenosini haijashuka, imesimama tu pembeni. Kafeini ikiondoka, uchovu unarudi palepale.

Uhusiano na ADHD uko ndani zaidi, katika sehemu ya ubongo iitwayo striatamu. Huko, vipokezi vya adenosini vya aina ya A2A hukaa kwenye seli zilezile zenye vipokezi vya aina ya D2 vya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na ari na umakini, na kazi zao hupingana. Ukiziba A2A, ishara ya dopamini inapata nguvu kidogo. Methilifenideti, dawa inayotumika sana kwa ADHD, inapita njia nyingine kabisa: huzuia protini inayoirudisha dopamini ndani ya seli, hivyo dopamini yenyewe huongezeka, na noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, pia. Mwaka 2015 timu ya mtafiti Nora Volkow, Marekani, ilichunguza kwa picha ubongo wa watu wenye afya waliopewa miligramu 300 za kafeini. Vipokezi vya dopamini vya aina za D2 na D3 vilionekana kupatikana kwa wingi zaidi, lakini dalili ya dopamini kuongezeka kama inavyoongezwa na dawa haikuwepo. Kwa hiyo kahawa inagusa mfumo uleule kwa mbali, na kwa nguvu ndogo.

Wazo la kuitumia kama tiba si la jana. Mwaka 1973 daktari Mmarekani Robert Schnackenberg aliandika kuhusu watoto wasiotulia ambao kahawa iliwasaidia, akapendekeza kafeini ichukue nafasi ya dawa kali. Wengine walilijaribu wazo hilo miaka iliyofuata, wakiilinganisha kafeini na methilifenideti au na vidonge visivyo na dawa. Kwa jumla kafeini ilishindwa na methilifenideti, na mara nyingi haikuonyesha faida ya maana.

Na hili la kutulia? Watu wengi huamini kwamba vichangamsho, yaani vitu vinavyouamsha ubongo kama kafeini na methilifenideti, humtuliza mwenye ADHD na kumrusha asiye nayo. Mwaka 1978 mtafiti Judith Rapoport na wenzake waliwapa dekstroamfetamini, kichangamsho kingine, wavulana 14 wasio na tatizo lolote. Nao walipunguza kuhangaika, na umakini wao ukaongezeka. Matokeo hayo ni ya miongo zaidi ya minne, na bado hayajawafikia wengi wanaojipima kwa kikombe. Mtu akitulia baada ya kichangamsho, hiyo haitoshi kusema ubongo wake ni wa aina gani.

Kwa nini basi wengine wasinzie? Sababu ninayoikuta zaidi ni deni la usingizi. Watu wengi wenye ADHD saa yao ya mwili imechelewa: usingizi unawajia saa nane za usiku, na kazini wanatakiwa saa mbili asubuhi. Kikombe kimoja hakiwezi kufuta uchovu wa wiki nzima. Wengine wamezoea: wanywaji wa kila siku mwili wao hujirekebisha, na kikombe cha asubuhi huondoa tu maumivu ya kichwa na uzito wa kukosa kafeini tangu jana. Wapo pia ambao kafeini inapunguza ile mbio ya mawazo kichwani, wakatulia kiasi cha kuusikia uchovu uliokuwepo siku zote. Watu hao hawasemi uongo, na wala siwapuuzi.

Ninachowaomba zaidi ni kuangalia saa. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, kwa wengine 3, kwa wengine 7. Mvutaji sigara huimaliza haraka. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hukaa nayo karibu mara mbili ya muda huo. Kikombe cha saa 11 jioni, hata kama hakikukuzuia kulala, kinaweza kukupunguzia usingizi mzito bila wewe kujua. Kesho umakini ni mbovu zaidi, unaongeza kikombe, na kwa mwenye ADHD mzunguko huo unauma mara mbili.

Naelewa kwa nini watu wanajitibu hivyo. Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2019 na tena 2021 liiweke methilifenideti kwenye orodha ya dawa muhimu, na mara zote mbili halikuiweka. Dawa isiyo kwenye orodha hiyo ni rahisi kukosekana katika hospitali za umma, na kahawa iko kila kona.

Ukiinywa, kwa mtu mzima mwenye afya mpaka unaotajwa ni miligramu 400 kwa siku. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 kwa kawaida kina kama 80. Mjamzito asizidi 200. Kama tayari unatumia methilifenideti, kafeini juu yake inaweza kuongeza mapigo ya moyo, presha na wasiwasi, na watu hudhani dawa ndiyo imewakataa. Antibayotiki ya siprofloksasini nayo huchelewesha kafeini kutoka mwilini. Kwa hiyo mwenye duka la dawa akikuuliza unatumia nini kingine, mtajie na vikombe vyako, na saa ya kile cha mwisho.