Kushuka kwa mapigo si mapigo yaliyoshuka

Jumamosi iliyopita, baada ya jogingi, tulikuwa kwa mama ntilie karibu na Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma tukisubiri chapati. Kaka mmoja wa kundi letu akageuza mkono tuione saa yake, hizi zinazopima mapigo ya moyo. "Rikavari yangu imeshuka," akasema. "Mwezi uliopita 31, leo 14. Mazoezi yanalipa jamani." Watu wakampongeza. Mimi nikapaliwa na chai.

Ingekuwa mara ya kwanza ningenyamaza. Lakini wiki moja kabla, dada mwingine wa kundi hilohilo alituambia rikavari yake ni 58. Na mwenzangu wa kazini huko Mtumba anayo rikavari ya saa 36, anaitaja kila bosi akimtuma mahali kwa miguu. Watu watatu, neno moja, na hakuna anayezungumzia kitu kimoja na mwenzake.

Rikavari ni "recovery" ya Kiingereza, na kwa mapigo ya moyo maana yake ni fupi. Ni idadi ya mapigo ambayo moyo umepunguza katika dakika ya kwanza, au mbili za kwanza, baada ya kuacha zoezi. Umesimama ukiwa na mapigo 165 kwa dakika, dakika moja baadaye yako 135: jibu ni 30. Hesabu ya kutoa, ya darasa la kwanza.

Ile 58 ya dada ni mapigo ya moyo uliopumzika, yale unayokuwa nayo ukiwa umetulia kabisa, kwa mfano alfajiri kabla hujashuka kitandani. Kwa mtu mzima huwa kati ya 60 na 100, na wanaofanya mazoezi mara nyingi huwa chini ya hapo. Saa 36 za mwenzangu ni ushauri tu wa saa yake kuhusu muda wa kusubiri kabla ya zoezi jingine zito. Bosi hahusiki.

Huyo wa saa 36 namwacha, atajijua. Kinachoniudhi ni hivi viwili vya kwanza, kwa sababu vinakwenda njia zinazopishana. Mapigo ya kupumzika yakipungua kwa mtu anayefanya mazoezi, kwa kawaida ni habari njema. Rikavari ikipungua, mambo yamegeuka. Rikavari yenyewe tayari ni kushuka. Sasa kushuka kukishuka, maana yake moyo unachelewa kutulia. Kaka yetu alikuwa anapongezwa kwa jambo ambalo, lingekuwa la kweli, angestahili kupewa pole na namba ya daktari.

Lawama nyingine ni ya lugha, au niseme ya sisi tunaoitumia. Kuna wanaotafsiri rikavari kuwa "mapigo ya kupumzika", jina ambalo tayari lina mwenyewe. Na hapo naelewa jinsi mtu anavyonaswa, maana ndani ya "pumzika" mna "pumzi". Ukilichukua neno kwa mzizi wake, anayepumzika hasa si aliyelala. Ni yule aliyemaliza mlima wa kwenda Chuo Kikuu, ameshika magoti, anaitafuta pumzi yake. Lakini matumizi yameshahama. Leo kupumzika ni mkeka na mto, na huwezi kulirudisha neno mlimani kwa sababu tu saa imetoka dukani.

Wengine wanasema "mapigo ya ahueni". Ahueni tuliipata kwa Waarabu na tukamkabidhi mgonjwa: bibi ana ahueni leo, amekunywa uji. Mkimbiaji hakuwa mgonjwa. "Kupona" kuna kasoro hiyohiyo. "Kurejea" kunakaribia, ila mapigo hayarejei yalikotoka kwa dakika moja. Baada ya mbio ndefu yanaweza kubaki juu kwa muda mrefu, hasa jua la hapa likishapanda na hukunywa maji. Mimi nasema "kasi ya moyo kutulia". Ni maneno matatu zaidi ya ulazima, najua, lakini hakuna atakayeyasikia akafikiria kitanda.

Tena sisi wa Dodoma hatukupaswa kuhangaika. Hadithi inayosimuliwa kuhusu jina la mji ni ya tembo aliyekuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, Wagogo wakasema "idodomya": amezama. Tuna mji mzima uliobeba kitenzi cha kwenda chini! Niliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp, "Leo mapigo yenu yamedodoma kwa ngapi?" Wagogo wawili wakacheka. Wengine wakaendelea kudaiana michango ya fulana.

Kwa nini dakika ya kwanza na si ya kumi? Kwa sababu ya neva inayoitwa vagasi, jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji. Inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inatembelea moyo, mapafu, hadi tumboni. Ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Ukikimbia kwa nguvu, sauti yake hufifia. Ukisimama, hiyo ndiyo ya kwanza kurudi kazini, na ule mteremko wa haraka wa mwanzo kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Mwaka 1999 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 2,428 waliotumwa kupimwa moyo kwa mazoezi na kufuatiliwa kwa miaka 6. Wale ambao mapigo yao yalipungua kwa 12 au chini ya hapo katika dakika ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Hiyo 12 imezunguka sana tangu hapo, mara nyingi bila kuambatana na maelezo kwamba watu wale walikuwa maabara, na baada ya kipimo waliendelea kutembea polepole. Si hukumu ya kumsomea mtu mbele ya chapati. Na anayetumia dawa za presha kama atenololi asijilinganishe na mtu yeyote, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inazuia mapigo kupanda.

Kuipata kwenye saa si kazi, ila saa hazikubaliani. Garmin hutoa tofauti kati ya mapigo ya mazoezini na yale ya dakika mbili baada ya kusimama. Apple, kwenye programu yake ya afya ndani ya simu, upande wa moyo, huhesabu dakika moja. Kwa hiyo mwenye 50 na mwenye 31 wanaweza kuwa na mioyo inayolingana kabisa. Kabla ya kubishana, ulizaneni: ya dakika ngapi? Kama saa yako haina kipengele hicho, soma mapigo unaposimama, soma tena baada ya sekunde 60, toa. Kaza mkanda kidogo, maana vile vitaa vya kijani vinasoma damu chini ya ngozi, na saa inayochezacheza mkononi huandika inachotaka.

Nilipomaliza kukohoa nilimuuliza kaka, "Ulibonyeza wapi kumaliza?"

"Hapahapa. Nilipokaa."

Yaani tulikuwa tumeshafika, tumenyoosha viungo, tumetembea kutoka uwanjani na tumegombea viti, ndipo saa yake ikaambiwa mazoezi yameisha. Moyo ulikuwa umeshashuka zamani. Ile 14 ilikuwa makombo.

"Kaka, ile 31 ya mwezi uliopita ndiyo uitunze," nikamwambia. "Jumamosi ijayo bonyeza pale getini, ukiwa bado unahema. Usipokee simu, usiongee, simama dakika mbili. Halafu ikipanda, ndiyo utuagizie chapati."

"Ikipanda?"

"Ikipanda."