Kulikiza ndama ni nini hasa, na baridi inaingiaje?

Likiza ni neno lile lile lililotupa likizo: mtumishi hulikizwa kazi, mtoto hulikizwa ziwa. Kwa ndama wengi wetu husema tu kuachisha maziwa, na tukiulizwa lini, tunataja umri. Miezi mitatu, minne. Umri unasaidia, ila jambo lenyewe liko tumboni.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Kikubwa, rumeni, ndicho kinachochachusha majani kwa msaada wa bakteria. Ndama huzaliwa nacho kikiwa kidogo na kimelala. Maziwa anayonyonya hukipita pembeni na kwenda moja kwa moja chumba cha nne. Kinachokiamsha ni chakula kikavu, hasa cha nafaka na mbegu: pumba, mashudu, chakula cha ndama cha dukani. Kikichacha humo hutoa asidi, na asidi hizo ndizo zinazokuza vijinyama vya kufyonzea chakula kwenye ukuta wa rumeni. Kumlikiza ndama, basi, ni kumwondolea maziwa pale rumeni inapoweza kumlisha. Akimaliza kama kilo moja ya chakula cha ndama kwa siku, siku tatu mfululizo, ameiva.

Na maji je? Wapo wanaosema maziwa ni maji tosha. Lakini maziwa hayaingii kwenye rumeni, na bakteria hawaishi pakavu. Mwekee ndoo ya maji safi tangu wiki ya kwanza.

Aliyelikizwa mapema anadanganya macho, kwa sababu huota kitambi. Mgeni atasifu, "ndama kanona." Pitisha kiganja mgongoni: uti unakwaruza kama msumeno, manyoya yamesimama, hayang'ai. Lile tumbo ni majani makavu ambayo rumeni yake bado haiwezi kuyachachusha.

Sasa baridi. Huku Njombe na Makete, Juni na Julai ni baridi kali, Makete hata sakitu, ule umande ulioganda, huanguka, na malisho nayo yamekauka. Ndama wa siku chache huanza kutumia nguvu za mwili kujipasha joto hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Mkubwa huvumilia zaidi, maana uchachushaji wenyewe humtia joto. Kumkatia maziwa wiki ya baridi kali ni kuchomoa kuni jikoni ugali haujaiva. Mimi ningesogeza mbele wiki mbili, hata kama kila lita ina mteja wake. Kisha ningepunguza kidogo kidogo, nikianza na maziwa ya asubuhi. Ya jioni yabaki hadi mwisho, kwa sababu usiku ndio mrefu.

Bandani mtandikie majani makavu mengi, akilala miguu izame isionekane. Ziba upepo usawa wa mwili wake, juu pabaki wazi, la sivyo harufu ya mkojo itamwumiza mapafu. Kukata pembe kungoje wiki nyingine.

Hayo ni ya ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Kwa ng'ombe wa kienyeji hesabu ni nyingine: mama wengi hawashushi maziwa mpaka ndama aguse chuchu kwanza, hivyo ukimtenga mapema, kibuyu cha nyumbani nacho kinakauka. Ndama huachwa anyonye miezi mingi, na akizidi kung'ang'ania, wafugaji humpaka mama kinyesi kwenye chuchu. Ndama ananusa, anageuza shingo, anaenda kutafuta majani.