Mama Hasikii Harufu ya Udi: Maswali na Majibu

Mamangu alipata mafua makali. Yameisha wiki tatu sasa, lakini hata udi ukifukizwa hasikii harufu. Ni uzee?

Usikimbilie kusema uzee. Kweli, uwezo wa kunusa hupungua umri ukisonga. Lakini virusi vya mafua, na vya Korona pia, huumiza utando mdogo ulio juu kabisa ndani ya pua, penye seli za neva zinazopeleka habari za harufu kwenye ubongo. Seli hizo huzaliwa upya, ila huchukua wiki, pengine miezi.

Anasema pilau haina ladha. Ulimi nao umeharibika?

Huenda ulimi ni mzima. Ulimi hujua chumvi, sukari, uchungu, uchachu wa ukwaju na utamu wa supu ya nyama, basi. Iliki na mdalasini huzijua pua, kwa harufu inayopanda nyuma ya koo tukitafuna. Mwangalie asizidishe chumvi akitafuta ladha, hasa kama ana presha.

Kuna hatari?

Ipo, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile tunayoisikia hutiwa makusudi ili tujue inavuja. Mama hatajua. Mtungi ufungwe kila baada ya kupika, na chakula kilicholala kinuswe na mwingine kabla yeye hajala. Kwa joto la Mombasa wali huchacha upesi.

Aende kwa daktari lini?

Mara moja, kama alianguka akagonga kichwa, au pua imeziba upande mmoja na inatoka damu. Pia kama harufu ilipotea polepole bila mafua, na mikono inatetemeka au mwendo umekuwa mzito: ugonjwa wa Parkinson, unaodhoofisha ubongo polepole, huweza kuanza kwa kupoteza harufu miaka mingi kabla ya kutetemeka.

Nyumbani tufanye nini?

Kuna zoezi la kunusa. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walilichapisha mwaka 2009 kwa harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Karafuu na marashi ya waridi utavipata sokoni Marikiti. Anuse kila kimoja kwa utulivu kama sekunde 15, asubuhi na jioni, kwa miezi 3 au zaidi. Udi usiutumie kwa zoezi hili, moshi wake huwasha pua. Siku za mwanzo huenda asisikie kitu. Aishike karafuu, afumbe macho, akumbuke ilivyokuwa ikinukia.