Je, wajua kwa nini Wamakonde wa Kwale waliandamana hadi Ikulu kudai kitambulisho?

Oktoba 2016, Wamakonde wapatao mia tatu walitoka Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, wakashika njia ya Nairobi kwenda kumwona Rais. Walikuwa na dai moja: kitambulisho cha taifa.

Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wakazaliwa huku huku Kwale. Lakini kwa sheria ya Kenya, kuzaliwa nchini peke yake hakukufanyi raia. Kinachoangaliwa ni wazazi. Babu hakuandikishwa, basi baba hana, na mjukuu naye hana. Tena fomu ya kuomba kitambulisho ina sehemu ya kabila, na Wamakonde hawakuwemo kwenye orodha ya makabila ya Kenya.

Mtu asiyeishi Kenya anaweza kuona ni jambo dogo. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini huna M-Pesa yako. Mchongaji wa vinyago akimuuzia mtalii kule Diani, pesa zinaingia kwenye simu ya jirani, na hapo ni kuomba jirani awe mwaminifu. Akaunti ya benki hupati, kazi ya mkataba ndiyo usahau, na polisi akikusimamisha barabarani huna cha kumwonyesha.

Sasa, kwa nini mashirika ya hisani na ya kutetea haki yaligeukia serikali, badala ya kuwapelekea watu hawa unga na karo? Kwa sababu unga unaweza kutolewa na yeyote, ila uraia una mlango mmoja tu. Na kwenye mlango huo Wamakonde walikuwa na udhaifu wa ajabu: asiye na kitambulisho hapigi kura. Mbunge anayehesabu kura zake hapotezi chochote akiwasahau. Kwa maoni yangu, hapo ndipo utetezi wa mashirika unapopata maana. Unamlazimisha kiongozi awasikilize watu ambao hawawezi kumwondoa madarakani.

Kazi yenyewe, iliyobebwa na makundi kama Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC (ni shirika la kiraia, usidanganywe na neno tume), kwa sehemu kubwa ni ya makaratasi: nani aliingia nchini lini, ana ushahidi gani, sheria inasemaje. Na sheria ilikuwepo. Ile ya uraia na uhamiaji ya 2011 iliruhusu watu wasio na utaifa, waliokuwa wakiishi Kenya tangu Uhuru, 12 Desemba 1963, waombe kuandikishwa kuwa raia. Tatizo ni kwamba iliweka muda wa miaka mitano tu, na muda huo ukaisha mwishoni mwa Agosti 2016. Wiki chache baadaye ndipo maandamano yakaanza. Barua na mikutano ya maofisini ilikuwa imefika mwisho wake.

Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na dirisha la maombi likaongezwa hadi 2019. Wengine wakapita njia hiyo hiyo: Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe, walitangaziwa uraia Jamhuri Dei ya 2020, na Julai 2023 Rais William Ruto akawatambua Wapemba, wengi wao wavuvi ambao bila kitambulisho hata leseni ya kuvua ilikuwa shida kupata.

Hata hivyo, uraia wa kuandikishwa si sawa na wa kuzaliwa. Katiba inaruhusu unyang'anywe, kwa mfano ikigundulika ulipatikana kwa udanganyifu. Na kwa kuwa mtoto huhesabiwa raia wa kuzaliwa ikiwa mzazi wake mmoja alikuwa raia siku alipozaliwa, ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana: yule aliyezaliwa baada ya wazazi kuandikishwa ni raia moja kwa moja, na kaka yake mkubwa bado ana fomu za kujaza.