Msisubiri Akue: Maswali ya Wazazi Kuhusu Kiraka cha Jicho kwa Mtoto

Kwenye kliniki ya macho hapa Dodoma, watoto wengi wenye jicho vivu tunawapata wakiwa darasa la tatu au la nne. Mwalimu ameona mtoto anakosea kunakili ubaoni, akamwita mzazi. Ukimuuliza mama kengeza lilianza lini, anajibu bila wasiwasi: "Tangu mdogo, tulijua akikua litaisha." Jibu hilo nimechoka kulisikia, ndiyo maana naandika haya.

Jicho vivu ni nini?

Ni jicho ambalo kwa nje laweza kuonekana salama kabisa, lakini halioni vizuri kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia. Mara nyingi chanzo ni kengeza, au jicho moja kuhitaji miwani yenye nguvu tofauti sana na jingine. Ubongo ukiletewa picha safi upande mmoja na picha yenye ukungu upande wa pili, unachukua ile safi na kuipuuza nyingine. Ukiipuuza miaka kadhaa, uoni wa upande ule unabaki nyuma.

Mbona mtoto wangu halalamiki?

Hana cha kulalamikia. Jicho moja linamtosha kukimbia, kucheza na kuokota sarafu chini, na hajui kwamba wenzake wanaona kwa yote mawili. Huku kwetu tumefundishwa sana habari za trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, hasa wilayani Kongwa, na ni jambo jema: jicho jekundu lenye tongotongo linaletwa upesi. Lililopinda bila kuuma ndilo linaloachwa nyumbani.

Jaribuni hivi. Mpeni mtoto kitu kidogo anachokipenda, kisha mfunike jicho moja kwa kiganja, baadaye jingine. Akitulia mkifunika la kulia lakini akasukuma mkono na kukasirika mkifunika la kushoto, huenda la kushoto ndilo analolitegemea. Mleteni. Na asipokasirika kokote huku kengeza mnaliona, mleteni vilevile.

Akikua si litanyooka lenyewe?

Hapana. Macho ya kichanga huweza kuyumba yumba miezi mitatu ya mwanzo, hilo halitishi. Akifika miezi minne na jicho bado linakwenda pembeni, anatakiwa kupimwa. Mnasema "tumpe muda", lakini muda ndio hasa anaoupoteza. Uoni hujengwa miaka ya mwanzo, na tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Kila mwaka mnaosubiri unaila hiyo nafasi.

Bibi yake anasema ukoo wao wote wana kengeza, na ni urembo.

Shikamoo bibi. Wahenga walishasema ukipenda, chongo huita kengeza. Kama liko kwenye ukoo, hiyo ni sababu ya kumleta mjukuu mapema kuliko watoto wengine. Mwite na mjomba mwenye kengeza tangu utotoni, umfunike jicho lililonyooka, umwombe asome ujumbe wa simu. Huenda mkashangaa wote wawili.

Tumekuwa tukimdondoshea maziwa ya mama, na shangazi ameleta maji ya majani.

Acheni leo. Hakuna majani yanayofundisha ubongo kuona, ila yapo yanayounguza kioo cha jicho na kuacha kovu jeupe la maisha. Maziwa ni ya kunywa. Na matone ya duka la dawa yaliyobaki ya jirani nayo wekeni pembeni: mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na yakitumika kiholela huweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho.

Kwa nini mmefunika jicho linaloona vizuri badala ya bovu?

Kwa sababu lile zembe lazima lifanye kazi. Likifunikwa zuri kwa kiraka, yaani plasta inayobandikwa juu ya jicho, ubongo hauna pa kukimbilia. Wapo wazazi wanaofika nyumbani wakaona sisi ndio tuliokosea, wakahamishia kiraka kwenye jicho lenye kengeza ili "lipumzike". Limepumzika miaka minne, mama, halihitaji mapumziko mengine. Kabla hamjatoka kliniki, mwambieni muuguzi awaonyeshe jicho gani, na mliandike kwenye kadi.

Avae kwa muda gani?

Muda anaupanga aliyempima. Wengi huanza na masaa 2 kwa siku. Jicho lililozorota sana laweza kuhitaji masaa 6. Msiongeze wenyewe mkidhani atapona haraka, maana jicho zuri likifunikwa kupita kiasi nalo hushuka. Akiwa amepewa miwani, kiraka kinabandikwa kwenye ngozi, miwani inavaliwa juu yake. Kiraka kikitoka, miwani inabaki usoni siku nzima.

Masaa hayo asilale. Mpeni kazi ya karibu inayohitaji macho: kuchambua choroko, kutunga shanga, kupaka rangi, kutafuta herufi fulani kwenye gazeti kuukuu. Akae mbali na jiko la mkaa na asipande baiskeli wala kuvuka barabara peke yake, kwa sababu muda huo haoni vizuri kweli.

Analia na kukibandua. Namwonea huruma.

Siku za mwanzo karibu wote wanabandua. Nimeona kiraka kimebandikwa kwenye mguu wa benchi, nimeona kimebandikwa kwa mdoli. Mchelea mwana kulia… mnamalizia wenyewe.

Kinachosaidia ni kukibandika asubuhi mtoto akiwa hajaamka sawasawa, kisha mikono yake ipewe kazi papo hapo. Muda uwe uleule kila siku, ili asijue kama kuna mjadala. Kama masaa 2 mfululizo yanamshinda, gawanyeni asubuhi na jioni. Mkimbandulia kila anapolia, anajifunza kwamba kilio ni ufunguo, na wiki ijayo atalia kwa nguvu zaidi. Baba naye asije jioni akakitoa kwa kuonea huruma kazi ambayo mama ameihangaikia tangu asubuhi.

Jasho na vumbi la Dodoma linakibandua.

Mvisheni asubuhi kabla jua halijapanda. Osheni uso kwa maji, ukausheni kabisa, msipake mafuta pale gundi inaposhika. Wakati wa kutoa, loweka pembeni kwa maji ya uvuguvugu, uvute taratibu. Ngozi ikiwa na vipele, njooni tubadilishe. Viraka vikiisha kabla ya tarehe, ulizeni kliniki wawaonyeshe kufunika kwa shashi safi na plasta ya karatasi. Kitambaa cha kufunga kwa kamba hakifai, mtoto anachungulia pembeni.

Wenzake watamcheka shuleni.

Basi avae nyumbani baada ya shule, masaa 2 yanapatikana. Ikilazimu shuleni, mwoneni mwalimu mapema, mtoto akae mbele, na mwalimu aelewe kwamba ni tiba.

Si afadhali tungoje akue, afanyiwe upasuaji mara moja?

Hapana, tena hapana. Upasuaji wa kengeza unanyoosha jicho, haulifundishi kuona. Mtu aweza kunyooshwa jicho akiwa na miaka 30 likapendeza kwenye picha, na bado lisisome herufi kubwa ya kwanza kwenye chati.

Kwenye picha ya simu mboni yake inaonekana nyeupe.

Funga simu, nenda hospitali leo. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, yaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto wadogo, na hiyo ikicheleweshwa inaua. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa na Mvumi zote zina huduma za macho. Wakiona inafaa watawaelekeza hospitali za Muhimbili au CCBRT kule Dar es Salaam, au KCMC kule Moshi.

Wetu ana miaka 9. Ndiyo basi?

Mleteni. Katika umri huo wapo wanaopata nafuu, ingawa kazi ni ndefu zaidi na matokeo hayalingani na ya mtoto wa miaka 4. Mwenye mdogo wake nyumbani asilichukue jibu hili kama ruhusa ya kungoja.

Tumeona anaendelea vizuri, tumeacha kurudi.

Rudini. Tiba hii ni ya miezi, na jicho likiachwa ghafla huweza kurudi lilikotoka. Siku ya miadi njooni na kadi, na mtoto awe amevaa miwani yake. Wengi huwa nayo kwenye mkoba wa mama, imefungwa vizuri kwenye kanga.