Kijani cha makohozi ni chako mwenyewe

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, maduka ya dawa hujaa watu wenye sentensi moja: "Daktari, kifua kimenishika, na sasa makohozi yamekuwa ya kijani." Anayehudumia, awe mfamasia au kijana aliyeajiriwa juzi, sote humwita daktari, naye mara nyingi hangoji sentensi ya pili. Anageukia rafu, anahesabu vidonge vya amoksisilini, antibiotiki ya kuua bakteria, biashara imekwisha. Mwenye pesa chache hununua nusu ya dozi. Kazi yangu ni utafiti wa kinga ya njia ya hewa, na ningeruhusiwa kubandika tangazo moja tu kwenye kila duka la dawa kuanzia Kawangware hadi Kayole, ningeandika kwamba rangi hiyo haitoki kwa bakteria. Imetoka mwilini mwako.

Uboho wa mifupa ya mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 za chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili kila siku. Huzunguka kwenye damu, na pale seli za koo au mapafu zinapotoa kemikali za kuashiria hatari, hupenya ukuta wa mshipa na kumiminika mahali penye shida. Ndani yake zimebeba vifuko vilivyojaa kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidesi. Kimeng'enya hicho huchukua hidrojeni peroksaidi na kloraidi, kikatengeneza asidi ambayo ni jamaa wa karibu wa kemikali iliyomo kwenye Jik. Ndiyo, mwili wako unajitengenezea dawa ya kuua vijidudu, tena papo hapo vilipo. Kimeng'enya hicho kina pia chuma ndani yake, na jinsi chuma hicho kilivyoshikwa ndiko kunakokipa rangi ya kijani. Msweden Kjell Agner alikitenga mwaka 1941 kutoka kwenye usaha, na usaha una kijani chake kwa sababu hiyohiyo.

Basi ukiona kijani, jua nyutrofili zimekuja kwa wingi na nyingi zimefia kazini. Aliyeziita ni nani, rangi haisemi. Virusi vya mafua ya kawaida huziita vizuri tu. Ndiyo maana mafua huanza na makamasi mepesi kama maji, siku ya tatu au ya nne yakawa mazito na ya manjano, kisha kijani, halafu yakarudi kuwa mepesi, bila bakteria yeyote kuhusika. Asubuhi rangi hukolea zaidi kwa sababu yamelala humo usiku kucha.

Kinachowachanganya watu zaidi ni muda. Mtu hutarajia kikohozi kiishe ndani ya wiki moja. Watafiti wa Marekani waliolinganisha matarajio hayo na tafiti zilizofuatilia wagonjwa waliona, mwaka 2013, kwamba wastani wa kikohozi cha namna hii ni karibu siku 18, ilhali watu waliohojiwa walidhani ni kati ya 7 na 9. Fikiria maana yake: unakohoa siku nane, unachoka, unanunua antibiotiki, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeshafika kileleni unaanza kupata nafuu. Sifa zote anapewa kidonge. Msimu ujao hutasikia la mtu, na wala sikulaumu, kwa maana umejionea kwa macho yako.

Lakini hapa kwetu siku 18 zina kona yake. Kikohozi kikivuka wiki mbili, au kikija na homa, jasho la usiku, kupungua uzito au damu, nenda ukapimwe kifua kikuu. Vituo vya serikali hupima na kutibu bila malipo. Huko nako amoksisilini haisaidii chochote isipokuwa kukuchelewesha.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda, na mnisamehe nikikaa hapo kidogo.

Mtu mzima huvuta hewa zaidi ya lita 10,000 kwa siku. Pamoja nayo huingia vumbi la barabara, moshi wa matatu, chavua, ukungu na vijidudu. Chembe kubwa hunaswa puani. Zilizo chini ya mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka hadi kwenye matawi ya mapafu, na zile za chini ya mikromita 2.5 hufika hadi vifuko vya mwisho kabisa. Ukuta wa njia hii umefunikwa na ute, na chini ya ute kuna seli zenye silia, vinyweleo takriban 200 juu ya kila seli, vikipiga kati ya mara 10 na 20 kwa sekunde, vyote kuelekea juu. Kila kilichonaswa hupokezwa mbele, jinsi nauli inavyopitishwa mkono kwa mkono kutoka kiti cha nyuma cha matatu hadi kwa makanga. Kikifika kooni unakimeza bila hata kujua, na tumbo linamaliza kazi.

Maabara tunasugua ndani ya pua kwa brashi ndogo, tunachukua seli, tunazipanda juu ya utando wenye vitundu: chakula chini, hewa juu. Wiki tatu au nne baadaye silia zinaota. Ukitazama kwa hadubini unaona uso mzima unatikisika, na uchafu uliodondoka hapo unaanza safari. Nimeiona mara nyingi na bado huwaita wenzangu waje kutazama.

Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba ute huelea juu ya maji matupu, na silia huogelea ndani ya maji hayo. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani lilionyesha jambo jingine. Tabaka la chini si maji matupu. Limejaa molekuli ndefu, musini, zilizofungwa kwenye silia zenyewe, zimebanana kiasi kwamba zinasukumana, na msukumano huo ndio unaozuia ute wa juu usizame chini. Matabaka haya mawili yanagombania maji. Ute wa kawaida ni maji kwa karibu asilimia 98, na ukiwa hivyo tabaka la chini hubaki na maji yake. Ute ukikauka, nguvu yake ya kuvuta maji inalishinda tabaka la chini, unayanyonya, silia zinalazwa chini na kubanwa, na safari inasimama. Hiyo ni fizikia tupu ya molekuli, na ndiyo inayoeleza kwa nini makohozi ya baadhi ya wagonjwa hunata kama yaliyogandishwa ukutani.

(Najua mtauliza kuhusu kujifukiza. Ushahidi kwamba mvuke unaponya ni dhaifu, na ushahidi kwamba sufuria la maji moto humuunguza mtoto uko wazi katika wodi za majeraha ya moto. Mimi kwangu sijifukizi.)

Vinavyopita ulinzi huo hukutana na makrofaji, chembe kubwa zinazoishi ndani ya vifuko vya mapafu na kumeza kinachoingia. Watafiti wa Blantyre, Malawi, walizitoa kwenye mapafu ya watu wanaopikia kuni na kuzikuta zimejaa masizi meusi. Makrofaji iliyoshiba masizi haina nafasi nzuri ya kumshughulikia bakteria. Wengi tulidhani basi suluhisho ni jiko bora. Malawi ikafanya jaribio kubwa, watoto zaidi ya 10,000, nyumba nyingine zikapewa majiko yenye moshi mdogo, nyingine zikaendelea kama kawaida. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2016: nimonia ya watoto haikupungua. Wapo waliosoma hayo wakasema moshi hauna neno. Mimi nasoma kinyume chake. Ukimwondolea mama moshi wa jiko na bado jirani anachoma taka, barabara ni vumbi na anayewasha taa ya mafuta yuko mlango wa pili, hewa ya mtoto haijabadilika vya kutosha. Anayeishi karibu na jaa la Dandora hahitaji mtafiti kumweleza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe za hewani zilizo chini ya mikromita 2.5 kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na jiji letu liko mbali na namba hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao rangi ya makohozi hudanganya kuliko yote, nao ni pumu. Chembe zinazojaa huko mara nyingi si nyutrofili bali eosinofili, zenye kimeng'enya cha ukoo uleule, kwa hiyo makohozi yanaweza kuwa ya manjano au kijani na bakteria hayupo kabisa. Eosinofili zikifa huacha fuwele ndogo zenye ncha, ambazo madaktari wamekuwa wakiziona kwa hadubini tangu karne ya 19. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba fuwele hizo si takataka tu. Zenyewe huchochea kinga izidi kuwaka. Tatizo hapo si mgeni aliyevamia. Tatizo ni kinga iliyopandwa na hasira juu ya vumbi au manyoya ya paka.

Kwa hiyo mtu wa pumu anayenunua antibiotiki kila Julai anapoteza pesa, na anayetegemea inhela ya bluu peke yake yuko hatarini. Salbutamoli iliyomo hulegeza misuli inayobana njia, nafuu huja kwa dakika chache, lakini uvimbe hauguswi. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, na dozi yake ni ndogo mno kulinganisha na vidonge vya steroidi vinavyoogopwa. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, liliacha kupendekeza salbutamoli pekee kwa watu wazima na vijana. Ukijikuta unaivuta mara kadhaa kwa wiki, mwambie daktari, daktari wa kweli, akuandikie ya kutuliza.

Kwa nini basi vidonge vinaendelea kutoka? Sehemu ya jibu ni kwamba mteja akiondoka mikono mitupu hununa. Uchambuzi mmoja wa Uingereza, uliochapishwa 2016 na kuhusisha kliniki zaidi ya 7,000, uliona kwamba kliniki zinazoandika antibiotiki chache hupata alama ndogo za kuridhika kutoka kwa wagonjwa wao. Siku hizi hospitali zetu za binafsi hukutumia ujumbe kwenye simu kabla hujafika nyumbani: tupe nyota ngapi? Nyota hizo hupima kama ulikaribishwa vizuri na foleni ilikuwa ndefu, mambo ya maana kweli. Lakini daktari aliyekaa na mgonjwa dakika kumi kumweleza habari za nyutrofili, kisha akamwacha aende bila dawa, anaweza kupata nyota mbili. Ningekuwa meneja nisingemhukumu kwa hizo.

Kuna wakati rangi ina uzito. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, hasa aliyevuta sigara au kupikia kuni miaka mingi, akiona makohozi yamebadilika rangi na yameongezeka huku pumzi ikizidi kukatika, daktari huhesabu dalili hiyo na huenda akampa antibiotiki. Na chanjo ni mazungumzo mengine kabisa. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nyumokokasi, bakteria anayeleta nimonia, mwaka 2011, na Kilifi, ambako wagonjwa hufuatiliwa kwa makini, maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuna kidonge cha dukani kinachokaribia hapo.

Kwa mtoto anayekohoa, wala usihangaike kutazama rangi kwenye kitambaa. Subiri atulie au alale, mfunue kifua, washa saa ya simu na uhesabu pumzi kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi 12, ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Rudia kuhesabu kama huna hakika, kisha mpeleke kituoni siku hiyohiyo na umtajie muuguzi namba uliyoipata. Na kama sehemu ya chini ya kifua inazama ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, acha kuhesabu, tafuta gari.